Viraka vitatu vya mume wangu

Jamani, mwenzenu leo nimeokoa mizani ya kahawa!

Msinicheke kwanza.

Mizani ya ushirika wetu hapa Uru inatumia programu aliyoiandika mume wangu Deo. Leo ikagoma, wazee wamekaa na magunia yao tangu asubuhi. Rafiki yake wa Dodoma akamtumia marekebisho ya programu kwa baruapepe, barua tatu, kila moja na kipande chake. Wao wanayaita viraka.

Deo akaviingiza. Vikakataa.
Akarudia. Vikakataa.

Karani wa mizani akampigia Deo simu: "Mangi, wazee wanataka kurudisha kahawa nyumbani!"

Nilikuwa nampelekea chai, nikachungulia begani kwake. (Nilitaka kumnusa tu, nakiri.)

"Mpenzi, mbona unaanza na cha tatu?"
"Ndicho kilicho juu kwenye orodha ya barua."
"Kiko juu kwa sababu kimefika mwisho! Si kimeandikwa tatu kati ya tatu?"

Akanitazama kama alivyonitazama kanisani mwezi uliopita tulipofunga ndoa.

Akaanza na cha kwanza. Akaandika amri moja, na kila barua ikaingia mahali pake yenyewe, pamoja na jina la aliyeiandika na saa aliyoiandika. Nilishika mdomo. Barua inageuka kuwa sehemu ya programu, jamani!

Mizani ikasoma. Wazee wakapimiwa.

Halafu Deo, kwenye maelezo ya kiraka cha mwisho, akaongeza mstari: "Mpangilio umesahihishwa na Neema, mke wangu."

Anasema mstari huo utakaa humo kwenye programu hata tukizeeka.

Nimelia. Wenzangu mliopewa maua, mnasemaje?