Bitana ya Jaketi la Rubani

Jirani yangu wa mtaa wa Observatory, kusini kabisa mwa Afrika, alikuwa mzungu aliyepita miaka tisini. Ujana wake aliumalizia angani, akirusha ndege za kudondosha mabomu katika Vita Kuu ya Pili. Mimi ni fundi cherehani kutoka Tanga. Mwaka 2015 nilikuwa nimepanga gereji ya nyumba iliyopakana na yake, na kila mgao wa umeme ulipotukuta, alikuja kupiga hodi na kikombe chake mkononi, kwa sababu mimi nilikuwa na jiko la gesi na yeye hakuwa nalo. Chai yangu ya tangawizi alidai inaunguza kuliko petroli. Akiimaliza, anaomba nyingine.

Nilimwita Babu. Yeye aliniita Fundi, neno pekee la Kiswahili alilolijua, na alilitamka kama cheo cha jeshi. Vita hakuvisimulia sana; alisimulia baridi ya huko juu. Siku moja nilimwuliza kuhusu watu waliokuwa chini. Akasema bado anawaota. Nimemkumbuka sana Babu yule, na kila nikimkumbuka naona aibu, na aibu yenyewe nilijitafutia.

Aliniletea jaketi lake la ngozi la urubani nimbadilishie zipu, apate kulivaa siku ya kuwakumbuka wenzake. Zipu tu. Lakini mimi nina ugonjwa wa mafundi: siwezi kuona kazi mbovu nikapita. Ndani, chini ya kwapa la kushoto, bitana ilikuwa imeshonwa kwa mkono, mishono ya ovyo utadhani aliyeishona alifungwa kitambaa machoni. Nikaifumua yote, nikashona upya kwa mashine, bure, nyongeza ya jirani. Nilijiona mkarimu kweli.

Babu alilivaa pale pale, akaisifu zipu. Kisha akaingiza mkono chini ya kwapa. Vidole vikatafuta, vikarudi, vikatafuta tena. Akakaa kwenye kiti.

"Fundi, ile mishono iko wapi?"

Ndipo akanieleza. Bitana ilichanwa na msumari, na kijana aliyekuwa akimsomea ramani ndani ya ndege ndiye aliyeishona. Wiki iliyofuata Babu akalazwa na homa. Kijana akaruka na rubani mwingine, hawakurudi. Miaka sabini Babu alikuwa akiipapasa ile mishono.

Nilipiga magoti nikaupekua mfuko wa taka za vitambaa. Nilipata vipande vitatu vya uzi wa rangi ya udongo, havitoshi hata kushonea kifungo. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia naweza kuishona tena vilevile, kwa ubovu uleule. Akakataa.

"Macho yangu yalishachoka zamani, nilikuwa naigusa tu," akasema. "Wewe umeiona. Ilikuwaje?"

Bahati nzuri kazi mbovu hainitoki kichwani. Nikamwambia ya kwanza ilikuwa midogo, imekaribiana, ya mtu anayejitahidi. Katikati ikaanza kurefuka na kwenda upande. Ya mwisho ilikuwa mirefu kabisa, kisha fundo moja kubwa.

Babu alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Alianza vizuri," akasema. "Mimi ndiye niliyesimama mlangoni nikimfokea afanye haraka."