Marehemu Yupo kwenye Wingu

Juzi nilikuwa kwa fundi simu hapa Mtwara mjini. Mama mmoja wa Mahurunga akaweka mezani simu iliyozama mto Ruvuma. Simu yenyewe hakuitaka, alitaka sauti ya marehemu mumewe iliyokuwa humo.

"Simu imekufa, mama," fundi, binti mpole, akamwambia. "Ila sauti ipo kwenye wingu."

Mama akashika kichwa. "Wingu! Korosho nimeanika, na mume wangu naye mmemtia winguni? Likinyesha je?"

Binti hakucheka. "Ni kompyuta kubwa za watu, ziko mbali, tunazikodi. Ni kama jiko: mwingine hukodi jiko tupu. Mwingine hukodi jiko lenye sufuria na kuni, akapika mwenyewe. Wewe umeshapakuliwa, mama, ni kula tu."

Mama akamnong'oneza neno la siri. Binti akaliandika kwenye simu nyingine, na sauti ya mwanamume ikatoka: "Mke wangu, ukirudi usisahau chumvi."

"Nimeleta," mama akajibu, akaifunika simu kwa kanga.

Tuliokuwa kwenye foleni tukatazama chini. Marehemu wangu mimi hakurekodiwa. Sauti yake naitunza kichwani tu, na siku hizi inabidi nimwombe arudie.