Mwati, Harika na Dirisha la Nyuma

Kutoka Kiganjo hapa Thika hadi Gitothua kule Ruiru si safari ya kumtisha mtu, lakini ya siku hiyo ilinizeesha. Mwanangu Kamau alikuwa anaenda kuposa, na kwetu hakuna kuposa bila mwati na harika, yaani kondoo jike mchanga na mbuzi jike mchanga. Siku hizi wengi hupeleka pesa badala yao. Baba ya msichana alikataa katakata. Alitaka kuwaona wakishuka kwa miguu yao, na kabla hawajashuka, hakuna mgeni angeonja hata uji.

Msichana mwenyewe, Njeri, ni fundi wa nyaya za magari. Nitasema ukweli: niliposikia hivyo nilinuna wiki nzima. Msichana wa kulala chini ya magari? Kamau akaniambia, "Mama, si basi Njeri aangalie hilo dirisha lako la nyuma?" Nikamjibu kwamba gari la marehemu baba yake haliguswi na mtu ambaye bado si wa kwetu.

Na dirisha hilo lina kiburi! Gari ni kubwa, la zamani, na mlango wake wa nyuma haufunguki mpaka kioo kishuke kwanza kwa umeme. Kikikwama, mimi hukipiga kofi. Juzi kofi likakataa, nikatoa kifuniko cha ndani ya mlango, nikatikisa nyaya, kioo kikasonga. Kifuniko nikakiacha nyumbani. Nilijiona fundi, wuui!

Saa mbili asubuhi, Kiganjo. Tulipakia wanyama nyuma, nikapandisha kioo na kuacha nafasi ya kupitisha mkono, wapate hewa. Kati yao na viti kuna wavu wa chuma ambao marehemu aliuchomelea, kuku wasimrukie kichwani. Shemeji yangu Gitau, msemaji wetu, alikaa mbele na fimbo yake. Kamau alikaa nyuma na suti mpya, akilalamika.

"Mama, na wakiwafunika wasichana leso ili nimchague wangu, nishindwe kumtambua?"

Mwaka jana binamu yake alimchagua shangazi ya bibi harusi. Hadi leo anaitwa bwana ya shangazi.

Karibu na Kalimoni nilisimama kuwanunulia wanyama majani. Nikabonyeza swichi. Kimya. Kofi. Kimya. Fundi wa kando ya barabara akaweka sikio mlangoni, akatikisa kichwa.

"Mathe, mota imekufa. Tuvunje kioo."

"Nitakuvunja wewe kwanza," nikamwambia, tukaondoka.

Saa tano, Gitothua. Akina mama walituimbia kutoka ndani ya geti, tukajibu, wakatufungulia. Baba Njeri alikuwa amesimama na wazee wake.

"Karibuni, athoni, wakwe zetu. Haya, tuwaone."

Nikabonyeza, nikapiga, nikasukuma na nyonga. Gitau akaona afadhali aseme kitu. "Wanyama wa kwetu," akatangaza, "wana haya sana."

"Watakuwa na haya hadi lini?" Baba Njeri akauliza.

Jua likapanda. Harufu ya nyama ikatufikia pale nje, ikatupita. Mwishowe Baba Njeri akasema polepole kwamba wanyama wakirudi Thika ndani ya gari, posa nayo imerudi. Kamau alikaribia kulia. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka, maana kofi lilikuwa langu na kiburi kilikuwa changu.

Hapo akatoka mtu nyumbani, amejifunika leso mbili kutoka kichwani hadi miguuni. Shangazi mmoja akamfuata mbio. "Rudi wewe! Hujaitwa!"

"Narudi, shangazi. Dakika mbili tu." Alikuwa Njeri. Akachungulia kwenye kioo. "Mama Kamau, huyu anakula nini?"

Nikachungulia. Harika alikuwa na kipande cha waya mdomoni, anakitafuna polepole kama mzee na mswaki wake.

"Nani alitoa kifuniko cha huu mlango?"

"Ni mimi, mwanangu," nikasema. Hilo la mwanangu lilitoka lenyewe.

Akapitisha mkono kwenye ile nafasi, akapapasa, akavuta ncha mbili za waya hadi nje. Akaingiza moja ndani ya leso akaimenya kwa meno, kisha ya pili, akazisokota pamoja. "Mama, bonyeza."

Kioo kikalia, kikashuka. Nikafungua mlango. Mwati akashuka kwa heshima zake, na harika akaenda moja kwa moja kwenye maua ya wenyewe. Vigelegele vikapaa.

"Nimeunga waya wa kushusha tu," Njeri akaninong'oneza. "Wa kupandisha, harika ameshaumeza."

Mchana, baada ya wazee kuelewana, wasichana watano waliletwa wamefunikwa gubigubi. Kamau hakutafuta hata kidogo. Alienda akasimama mbele ya leso yenye alama za vidole vyeusi vya grisi.

"Huyu ameibia mtihani!" shangazi akapiga kelele.

Jioni tulirudi Thika kioo kikiwa chini, vumbi lote la barabara likiingia kwetu. Nilikuwa nimejifunza kwamba mbuzi hawekwi karibu na waya, na kwamba mdomo wangu ulitangulia akili kuhusu yule msichana. Karibu na Kalimoni Gitau alikohoa, akapangusa macho.

"Shemeji, kesho utafute fundi."

"Nitafute wa nini?" nikamwambia. "Si ndiye tumetoka kumposa?"