Babu Giza

Mji mzima ulimtukana na hakuna aliyemjua kwa sura. Umeme ukikatika tu, utasikia: "Babu Giza kafanya yake!" Watu walishakubaliana kwamba kule kwenye jenereta, nyuma ya ukuta wenye masizi, anakaa mzee mmoja mwenye roho mbaya, bahili wa dizeli. Kumbe Babu Giza alikuwa mwanamke, mjane, fundi mitambo, na roho yake haikuwa na ubaya wowote. Dizeli ndiyo iliyokuwa haitoshi.

Aliishi chumba kimoja ubavuni mwa jenereta: kitanda, jiko la mafuta ya taa, kiti kimoja. Cha pili cha nini? Mumewe alifariki siku nyingi. Binti yake, aliyeolewa mbali, akipiga simu alisema, "Mama sikusikii, huo mngurumo!" kisha akakata. Majirani nao walihama mmoja mmoja kwa sababu ya kelele na moshi. Upweke ulimuuma, tusifichane.

Ila alikuwa na jambo lake. Zamani aliwahi kukata umeme ghafla kwa mgawo, kama alivyoamriwa, na siku hiyo bwana harusi mmoja akaenda kuoa kichwa kikiwa kimenyolewa nusu. Mji ulicheka wiki nzima. Yeye alikosa usingizi. Tangu hapo, kila kabla ya kukata, alishusha nguvu ya umeme na kuirudisha, mara mbili, taa zikafifia na kuwaka. Hakutumwa na mtu. "Umeme umekonyeza!" watu walipigiana kelele, na mwenye pasi akakimbilia kola, na mwenye kinu akawarudisha wateja. Hata sokoni, akichagua nyanya, aliwasikia wakimlaani Babu Giza, naye akainama kucheka. Kwake yeye, heri matusi kuliko kimya.

Kisha ikaja sola. Uwanda wa nyuma ya mji ukajaa paneli, kontena za betri zikapangwa kando yake, na umeme ukaacha kukatika, mchana na usiku, bila moshi. Mama alifurahi, hakuwa na kijicho. Chanjo za zahanati hazikuharibika tena, na shuka zake mwenyewe zilikauka zikiwa nyeupe. Jenereta ikawa inawashwa kwa nadra, kwa majaribio tu. Mgawo ukaisha, mkonyezo ukaisha, na matusi nayo yakakoma.

Asubuhi moja injinia kijana akaja na habari: baada ya jaribio la leo, mashine inazimwa moja kwa moja, na gari litampeleka mama kwa binti yake.

"Mwanangu, nina ombi moja," mama alisema.

"Sema, mama."

"Niukonyeze mji. Niuage. Miaka yote hii nimeishi nao, siwezi kuondoka kama mwizi."

Injinia alicheka, halafu akayaona macho yake, akaacha. "Haya, mama. Lakini..."

"Lakini nini?"

"Hakuna kitu. Konyeza."

Akakonyeza. Mara moja, mara mbili. Mashine ikaguna chini ya mkono wake. Hakusubiri hata kunawa mafuta. Alijitanda kanga akatoka mbio barabarani, akiwa na hamu ya kusikia angalau mmoja akipiga kelele. Barabara ilikuwa na shughuli zake. Redio ziliimba, feni zilizunguka.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa saluni, ngeni mtaani. Msusi alikuwa anamkausha mteja nywele.

"Karibu, mama. Unaosha au unasuka?"

"Nauliza tu, mwanangu. Umeme haujakonyeza sasa hivi?"

"Kukonyeza?" Msusi alizima kikaushio. "Mama, hayo ya zamani. Siku hizi zile betri haziachi hata taa ipepese."

"Enzi za Babu Giza hizo!" mteja akadakia. "Lile lizee liliishia wapi?"

"Lilikufa," alisema msusi. "Nasikia halikuwa na mtu hata wa kulizika."

Mama alifuta mkono wenye mafuta kwenye kanga. Mteja alishaanza kujipapasa nywele mbichi. "Nimalizie haraka basi, dada, isije ikawa huyu mama anajua kitu."

"Msiwe na haraka, wanangu," mama akasema. "Leo haukatiki."