Pampu Iko Nandi

Leo nimepanda milima ya Nandi peke yangu, kwa mvua, nikifukuza watu ambao hawakuwa huko.

Sikieni hii.

Tumetoka Kisumu asubuhi watu saba na baiskeli zetu, safari ya Eldoret kupitia Nandi. Mimi ndiye wa nyuma, nabeba pampu na viraka vya wote. Sheria yetu ni moja: pahali pa kukata kona, mtu anangoja wa nyuma.

Chemelil mvua ikaanza. Kapteni wetu huko mbele akaona mlima utateleza, akawageuza wote waende Muhoroni.

Hakuna aliyeningoja. Hata mmoja!

Mimi huyo napanda, natetemeka, kila kona najiambia, "Wako hapo mbele."

Nafika juu, simu inalia. Kapteni.

"Omera, ndugu yangu, uko wapi? Tuko na pancha mbili huku kwa miwa!"

"Niko Nandi."

"Nandi? Kwani hukuona? Tuliandika kwa grupu!"

Kwa grupu! Niko kwa mlima, mikono yote kwa hendeli!

Nikakata simu. Nikaingia kibandani, nikaagiza chai. Nikaandika: "Pampu iko Nandi."

Sasa wamepiga mara sita, na sishiki. Kwani hawakuona? Niliandika kwa grupu.