Korongo Niliowatuma kwa Koko

Binamu yangu aliniambia kuwa kila majira ya baridi korongo wa Kentucky huruka hadi kwetu Kivu, nami nilimwamini kuliko mchungaji. Hata leo harufu ya hita ya gari hunirudisha kwenye kiti cha nyuma, mashambani nje ya Louisville, korongo milioni kumi mbele yetu. Kwetu msafiri haondoki bila kubebeshwa salamu. Nikashusha kioo, baridi ikaning'oa masikio, nikawatuma kwa koko, nyanya yangu aliyebaki milimani: “Mwambieni nimekua, na bado namngoja.”

Kisha nikamuuliza papa, baba yangu, aliyekuwa kwenye usukani bado na fulana yake ya kazi ya ghalani, “Watafika lini?”

Akazima gari. “Bon, mwanangu, hawa hawaendi kwetu. Wametoka kaskazini. Safari yao inaishia hapa hapa.”