Gari Lenye Taabu

Gari yangu ina milango miwili, na hilo ndilo kosa lake la kwanza mbele ya watu wa Kinyerezi. Huku kwetu gari ni chombo cha kubebea wakwe, mchele na masufuria ya shughuli. Sasa gari ambayo mtu wa nyuma hakai mpaka wa mbele ashuke, ainue kiti, na mwenzake aingie akitanguliza kichwa, watu wakiiona wanakupa pole. Nimepewa pole nyingi. Jirani mmoja aliniuliza, kwa heshima zote, milango mingine inakuja lini.

Niliikuta yadi, imewekwa nyuma kabisa karibu na choo. Kila mteja alikuwa anaipita kwenda kuangalia magari marefu ya familia. Ni gari ya spoti ya Kijapani, na jina lake silitaji, kwa sababu nikilitaja kila mtu anasema, "Aah, ile mdogo wake nanihii," halafu anaanza kunisimulia habari za huyo kaka mtu mwenye sifa. Nimechoka. Hata muuzaji alikuwa anaionea haya. Alinionyesha magari matatu kwanza, akidhani nimekosea njia.

Nikaomba kuijaribu. Nilipokanyaga mafuta mwanzoni hakukutokea kitu. Halafu mbele huko pakasikika pumzi inavutwa, mluzi mwembamba ukapanda, na nikajikuta nimefika mbele kuliko nilivyokusudia. Mie ni mtu wa ofisi. Kazi yangu iko Kinondoni, nakagua fomu kama zimejazwa sawasawa. Hakuna kitu katika maisha yangu kilichowahi kunisukuma mgongoni namna ile. Nikainunua, na nyumbani nikasema ilikuwa bei poa.

Tuko watu sita ninaowajua mjini wenye gari hii. Tukipishana barabarani tunawashiana taa, kisha kila mtu anaendelea na foleni yake. Mmoja wetu ni mama anayeuza karoti sokoni Mabibo. Amelaza kiti cha nyuma na anabeba magunia mawili kila alfajiri. Watu wakimcheka, anasema wanaocheka ni wale wale anaowaacha kwenye taa za Buguruni.

Mluzi wenyewe unatoka kwenye tabo. Kwa asiyejua, tabo ni kifaa cha ukubwa wa papai dogo, kinazungushwa na moshi wa injini, na kikizunguka kinaisukumia injini hewa, ndiyo gari ndogo inakuwa na nguvu za kushangaza. Ila ina masharti. Ukifika unakokwenda huzimi papo hapo. Unaiacha gari inaunguruma dakika mbili, tabo ipoe, la sivyo inakufa kabla ya siku zake.

Baba anaishi nasi. Ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alifundisha shule za msingi huko Njombe maisha yake yote. Presha ya macho ilimchukulia jicho moja akiwa bado kule, na la pili lilipobaki kuona mwanga tu, nikamleta Dar. Alikaa wiki mbili kwenye kochi bila kulalamika. Halafu akasema hawezi kuendelea kula chakula cha nyumba ambayo hana kazi ndani yake. Mke wangu akafikiri, akampa geti.

Geti letu ni la chuma, komeo lake liko kwa ndani. Kutoka kiti cha baba barazani mpaka kwenye komeo ni hatua kumi na nane, alizihesabu siku ya kwanza. Kazi ikamkaa. Nikikata kona ya dukani nakanyaga mafuta kidogo kupanda kilima cha kuja nyumbani, mluzi unatoka. Baba akiusikia anatafuta kandambili kwa miguu, anainuka, hatua kumi na nane. Nikifika geti liko wazi, naye amesimama pembeni, kalishikilia, uso kaelekeza pale nilipo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umechelewa."

Naingiza gari, siizimi. Kwa dakika zile mbili anaweka mkono juu ya boneti, namsimulia fomu za siku hiyo, nani kaandika mwaka wa kuzaliwa kwenye nafasi ya namba ya simu. Wapita njia walikuwa wanamwamkia pale getini na kwenda zao, hawajui kama haoni. Yeye alilijua hilo, na lilimpendeza. Nasema hivi mapema ili ieleweke nini kilichokuja kuharibika.

Siku moja akaniuliza mbona huwa sizimi gari.

"Ina tabo, baba."

"Taabu," akanisahihisha.

"Tabo, baba."

"Nyie watu wa Dar mnakata maneno. Sema taabu. Na hatusemi gari ina. Gari lina taabu."

Masikio ya baba ni mazima kuliko yangu. Neno tu ndilo hakuwa nalo, na mwalimu wa Kiswahili neno asilokuwa nalo anaona limekosewa. Mie nilikuwa nimetoka kukaa saa nzima kwenye foleni ya Tabata. Sikuwa na nguvu za kubishana.

"Lina taabu, baba," nikasema. Nikawa nimejichongea.

Kuanzia jioni ile gari yangu ikaingia kwenye sala. Kabla ya chakula baba huwa anaomba kwa kirefu. Anashukuru kwa siku, anawaombea wagonjwa, wasafiri, viongozi, na sasa, baada ya viongozi: "Na gari la mwanangu, Bwana, uliondolee taabu yake." Mke wangu alikuwa anajiziba uso kwa kitambaa cha mezani. Nilisema amina miezi mingi. Niliona ni dua isiyomdhuru mtu.

Kisha ofisi ikanipeleka Dodoma, semina ya siku tano kuhusu fomu mpya. Nikaenda kwa basi, gari nikaiacha nyumbani, ufunguo ukining'inia kwenye msumari wake.

Niliporudi nilifika nyumbani kwa bodaboda. Baba alikuwa barazani kavaa shati la kanisani, na haikuwa Jumapili.

"Mwanangu," akasema, "nimekuondolea taabu."

Sikuelewa. Akaniambia niwashe gari. Nikawasha. Ilikohoa, ikatulia kwenye sauti ya mashine ya kusaga unga. Nikakanyaga mafuta nikisubiri mluzi. Kimya.

"Unasikia lilivyotulia?"

Nikafungua boneti. Pale ilipokuwa tabo palikuwa na bomba limechomelewa, jipya, limepakwa rangi ya fedha.

"Imetulia, baba," nikasema.

"Limetulia."

"Limetulia. Ahsante sana, baba."

Alitabasamu mpaka nikaangalia pembeni. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Wiki ile alikuwa anashinda kazini, jioni moja tu alimkuta fundi anamalizia, akadhani nimemtuma mimi. Sikumlaumu. Nilikwenda kumlaumu fundi.

Fundi ana banda lake hapo barabarani, chini ya kile kilima. Kumbe baba alitembea mpaka kwake, na fimbo, peke yake. Kwa mtu aliyekuwa hajavuka geti bila kushikwa mkono tangu aje Dar, ile ni safari.

"Mzee kaniambia kwa mdomo wake," fundi akasema. "'Fundi, nataka uliondolee gari la mwanangu tabo yake.' Nikamuuliza, mzee, una hakika? Akasema imewatesa siku nyingi, hata kwenye sala ipo. Sasa braza, ishu ikishafika kwenye sala mie nani?"

"Alisema taabu!"

"Ndiyo. Tabo."

"Taabu!"

"Si ndiyo nakwambia, tabo. Na nimeitoa safi, sijaivunja. Nimempa kwenye kiroba."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtukana. Nikaona saa mkononi mwake. Ilikuwa saa ya baba, ile aliyovishwa siku ya kustaafu mbele ya shule nzima. Baba hakuwa na kitu kingine cha kumlipa, na alikuwa ameshamwambia fundi kwamba yeye haisomi tena, ya nini kukaa nayo. Nikarudi nyumbani kwa miguu, na kilima kile kilikuwa kirefu.

Kwa hiyo nikanyamaza. Ungemwambiaje? Baba, ulichokifanya kwa mapenzi ndicho kilichoniharibia gari? Nikaanza kuendesha kile kilichobaki. Kwenye kilima cha nyumbani nilipitwa na bajaji iliyobeba kochi. Dereva akanipungia mkono, na aliyekaa juu ya kochi naye akanipungia.

Hayo ningeyameza. Sikuwa nimelifikiria geti.

Bila mluzi, baba hakuwa na habari zangu. Siku ya kwanza nilifika kimya nikapiga honi. Nilimsikia ndani anahangaika na kandambili, akagonga ndoo, akafika komeo likamshinda kwa haraka. Siku ya pili alisikia honi akafungua geti vizuri kabisa, akasema marahaba kabla hajasalimiwa. Ilikuwa boza la maji. Likaingia uani, likageuza, likatoka na kamba yetu ya kuanikia, na mashuka matatu. Dereva alidhani ameagizwa.

Nikamwambia baba apumzike, nitashuka mwenyewe nigonge, mtu yeyote atanifungulia. Nilijua nimekosea nilipokuwa bado naongea.

Wiki iliyofuata mke wangu alinipigia simu kazini. Huwa hanipigii kazini.

"Baba yako amesimama getini," akasema.

"Anasubiri nini?"

"Anakusubiri wewe. Kasimama tangu saa tisa. Jana alisimama hivyo hivyo, ulipofika ukadhani ndiyo kwanza kafika. Nimempelekea kiti, kakikataa. Anasema mlinda geti hakai."

Mie huwa nafika saa kumi na mbili, foleni ikiwa na huruma. Niliweka simu chini nikaitazama fomu iliyokuwa mbele yangu mpaka nikaona haisomeki. Niliumia, sina neno lingine la kuweka hapo. Mzee wa miaka ile, kwenye jua la Kinyerezi, mkono kwenye komeo, anasikiliza kila gari inayopita kama ni mwanawe.

Nikampigia yule mama wa karoti. Nilipomaliza kumweleza alicheka kwanza, kwa muda mrefu, halafu akasema, "Usilie. Kama haijavunjika inarudi. Gasketi za kuzibia maungio unazo?" Sikuwa nazo. Jumamosi akaja mwenyewe, gasketi zake za akiba ziko ndani ya gunia la karoti, na karoti akatuachia.

Tabo ilikuwa nyuma ya banda la kuku. Baba alikuwa amekataza isiingizwe ndani ya nyumba. Niliichukua baba akiwa anasikiliza taarifa ya habari, kuku wakapiga kelele, nikawaambia kimyakimya wanyamaze. Fundi akairudisha bandani kwake kwa siku mbili, bure, bila kuulizwa. Ile saa bado anaivaa, na bado anachelewa.

Jumanne jioni nikakata kona ya dukani. Nikakanyaga. Pumzi ikavutwa, mluzi ukapanda, ukakipanda kilima kabla yangu.

Nilipofika geti lilikuwa wazi. Alikuwa amesimama pembeni, kalishikilia, kandambili moja mguuni na nyingine ameiacha njiani. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umechelewa."

Nikaingiza gari. Akaifuata, akaipapasa boneti, akaweka mkono.

"Mluzi umerudi," akasema.

"Umerudi, baba. Fundi kaurudisha mluzi peke yake. Taabu imebaki kule kwake."

"Ametenganisha?"

"Ametenganisha."

"Fundi hodari." Mkono ulikuwa bado kwenye boneti. "Sasa mbona huzimi?"

Gari ilikuwa inaunguruma katikati yetu.

"Naisikiliza tu," nikasema.

"Eheee," akasema baba, kwa ile sauti ya mwalimu aliyeona mtoto anapoangalizia. Hakunisahihisha kitu. Alisubiri na mimi mpaka dakika mbili zikaisha, nikazima, ndipo akaenda kufunga geti.

Mezani akaomba kama kawaida. Akashukuru kwa siku. Akawaombea wagonjwa, wasafiri, viongozi. Baada ya viongozi akanyamaza, tukadhani amemaliza, mke wangu akashika kijiko.

"Na gari ya mwanangu, Bwana," akasema baba. "Ile tabo yake, usiiondoe."

Alitamka tabo, kifupi, kama sie watu wa Dar. Mke wangu akasema amina kwa ajili yetu wote wawili.